Kigoda cha uani

Siku ya 72 ya dozi ya TB. Mkojo bado rangi ya chungwa. Rifampisini hiyo, mojawapo ya dawa zangu, nimeshaizoea.

Saa mbili asubuhi mama ameshanitolea kigoda uani. "Kaa juani, mwanangu, kifua kikauke." Kwa wiki kadhaa nilikuwa nakaa ili kumridhisha tu. Kumbe mwaka 1903 Mdenmaki Niels Finsen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga! Na mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba seli zetu za ulinzi zikipata vitamini D ya kutosha hutengeneza kathelisidini, silaha yetu wenyewe ya kumuua bakteria wa TB.

Jambo lenyewe ni gumu, maana bakteria huyu humezwa na seli ya ulinzi kisha akaishi humo humo, kama mwizi aliyejificha ndani ya kituo cha polisi. Dawa zangu zinamfuata yeye, naye akibadilika kidogo tu rifampisini haimgusi tena. Ndiyo maana wapo wanaotafuta dawa za kumwamsha polisi, yaani seli ya ulinzi yenyewe. Kule Bangladesh walijaribu fenilibutireti, dawa ya zamani ya ugonjwa mwingine kabisa, pamoja na vitamini D, juu ya vidonge vya kawaida. Kufikia wiki ya nne, waliosafika makohozi, yaani yasiyo na bakteria tena, walikuwa wengi kuliko wale wa vidonge vya kawaida peke yake.

Nilitaka kumkimbilia mama na habari hiyo. Kisha nikasoma ya hapa hapa Dar es Salaam, matokeo ya 2020: watu 4,000 wenye VVU na upungufu wa vitamini D, wanaoanza ARV. Kupewa vitamini D hakukupunguza vifo wala TB ya mapafu. Nikanywea.

Halafu polisi mwenyewe ana mambo yake. Daktari alipoinua picha ya eksirei dirishani akanionyesha tundu kwenye pafu la kulia, nikasema bakteria kanila. Akacheka: sehemu kubwa ya huo ubomoaji ni askari wako mwenyewe. Kwenye TB ya ubongo madaktari hutoa hadi dawa ya deksamethasoni ya kuwatuliza askari hao. Kwa hiyo kazi ni kumwamsha bila kumpandisha mori, na kwa kila mgonjwa kiasi chake. Sijui nani atakiweza hicho kipimo.

Habari za Dar sijamwambia mama. Ameshasogeza kigoda, kivuli cha mwembe kilikuwa kimenifikia magotini.