Nilivyowabakisha vijana wa sanaa Bagamoyo

Kila mwaka wahitimu wa TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, humaliza masomo wakijua kupiga marimba, kucheza, kuigiza na kurekodi sauti, kisha hupanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako wengi huishia kwenye kazi zisizohusiana kabisa na walichosomea. Jambo hilo liliniuma, na liliniudhi zaidi kila nilipoambiwa kwamba dawa yake ni tamasha jingine. Tamasha tunalo tangu mwaka 1982, tena ni fahari yetu, lakini huchukua siku chache tu, ilhali kodi ya chumba hudaiwa kila mwezi.

Nilikodi nyumba ya zamani Mji Mkongwe kwa laki chache, nikaingia na kikundi cha wahitimu. Karibu kila mtu alitushauri tufanye maonyesho Jumamosi usiku. Tuliweka taa, tukakodi viti, navyo vikabaki vitupu, kwa kuwa wageni wetu wengi hutoka Dar es Salaam asubuhi, mwendo wa kilomita zipatazo 70, wakazunguka Ngome Kongwe na magofu ya Kaole, na jua likizama huwa wameshaondoka.

Njia ilifunguka mchana mmoja, uani. Kijana wetu alikuwa amewasha makuti makavu ili apashe ngoma: aliinamisha uso wa ngozi karibu na moto, akaugusa kwa vidole, akasikiliza, akaurudisha tena motoni mpaka mlio ukakaza. Wageni waliokuwa wakipita na mwongoza watalii walisimama mlangoni, hawakutaka kuondoka, na mama mmoja akaomba naye ajaribu. Alipomaliza aliuliza bei kabla hatujafikiria kumtajia. Hapo nilielewa kwamba mgeni wa mchana hulipia kufundishwa kwa moyo mkunjufu kuliko kutazama. Tangu siku ile tunauza somo, kuanzia saa nne asubuhi: kuwamba, kupasha, kisha mdundo mmoja wa msingi ambao mgeni ataondoka akiuweza. Mwongoza watalii tunampa fungu lake siku hiyohiyo, bila kumzungusha, na hilo ninawasihi sana mlizingatie.

Fedha za masomo zilinunua maikrofoni na kompyuta, tukaanza kurekodi matangazo ya wateja wa Dar es Salaam na kuyatuma kwa intaneti. Kila kazi ina mkataba wa maandishi na nusu ya malipo hutangulia. Nyimbo zetu wenyewe tunazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Msiogope pia mikopo ya halmashauri, kwani katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, asilimia 4 ni ya vijana, nayo haina riba. Andaeni mapema katiba ya kikundi na akaunti ya benki.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa hoteli zilizozoea kuwalipa wapiga ngoma wali na soda kwa usiku mzima. Tuliandika bei yetu, tukazungumza na vikundi vingine, tukakubaliana kwamba asiwepo atakayeshuka chini yake. Wengine walituita wenye kiburi. Baada ya miezi kadhaa hoteli zilianza kulipa. Mpiga marimba wetu aliyekuwa amehamia Mbagala amerudi, amepanga Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, na kodi anailipa kwa kazi aliyoisomea.