Mshale Usio na Neno

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili ilinirudia ikiwa na kurasa 74 na alama moja tu ya wino mwekundu: kiulizo kikubwa juu ya ukurasa wa yaliyomo. Nilikuwa ninaandika kuhusu HADO, yaani mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, ambao mwaka 1979 ulisababisha mifugo kuondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, nami nilikuwa nimeshindilia humo kila nilichokikusanya: makorongo, miche ya miti, fedha za Uswidi, nyasi zilizoota upya, manung'uniko ya wazee.

"Binti yangu," msimamizi wangu alisema, "hili ni gulio, si tasnifu."

Akanituma nikachore ramani ya dhana, ile iliyobuniwa na Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1972, walipotafuta namna ya kuonyesha jinsi uelewa wa sayansi wa watoto unavyobadilika kadiri wanavyokua. Sikufurahi. Nilidhani ni ile michoro ya duara katikati na matawi ya rangi rangi, ambayo hupendeza ukutani na kumwacha mwandishi palepale alipokuwa. Kumbe hii ilikuwa na sharti gumu: kila mshale unaounganisha dhana mbili lazima ubebe neno, ili dhana, neno na dhana ya pili zisomeke kama sentensi kamili.

Jumamosi hiyo, katika chumba nilichopanga Chang'ombe, nilitandika sakafuni kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe juu, na kwa kalamu ya risasi nikaandika swali la utafiti kwenye ukingo wake: kuondolewa kwa mifugo kulibadili nini katika kilimo cha kaya? Kisha nikapanga vipande 31 vya karatasi, kila kimoja na dhana yake. Ulikuwa mwezi wa nane, na upepo wa Dodoma wa majira hayo haubishi hodi. Ilinibidi nivikandamize kwa kokoto kimoja kimoja.

Kutoka "kuondolewa kwa mifugo" hadi "nyasi" mshale ulipita bila shida: kuliruhusu nyasi kuota. Kutoka "mifugo" kwenda "mavuno" nilichora mstari, nikakaa. Neno halikuja. Sura ya pili ilihusu mifugo, ya tatu ilihusu mashamba, na katika kurasa zote zile sikuwa nimeandika hata sentensi moja inayozikutanisha. Nilifungua daftari la mahojiano, na karibu na saa nne usiku nikakuta maneno ya bibi mmoja wa Kondoa niliyoyanakili na kuyapita: ng'ombe walipoondoka, samadi nayo iliondoka. Nikakata kipande cha 32, nikaandika "samadi", nikakiweka katikati. Wanyama waliolaumiwa kwa kumaliza nyasi za mlimani ndio walewale waliokuwa wakilisha shamba la bondeni, na mshale huo uliokatiza kutoka upande mmoja wa kalenda hadi mwingine ndio uliokuwa utafiti wangu.

Vipande tisa vilibaki bila mshale wowote, kikiwamo cha fedha za Uswidi, ambacho nilikuwa nimekiandikia kurasa 12 kwa wiki tatu. Ziliniuma kama jino, lakini nilizitoa. Vilivyobaki nilivibandika kwa uji mzito wa mahindi, gundi ya shuleni kwetu.

Jumatatu msimamizi aliikunjua kalenda mezani, akafuata mishale kwa kidole, akasimama kwenye mmoja uliotoka "ukosefu wa samadi" hadi "rutuba".

"Umeandika 'huathiri'. Huathirije?"

Nilifuta, nikaandika "hupunguza". Akaniuliza ninao ushahidi gani. Nilimtajia bibi yule na kaya nyingine nne zilizosema hivyohivyo, naye akanirudishia kalenda na kusema nianzie sura ya pili hapohapo, kwenye samadi.