Kosa analokusomea mteja kwenye simu huwa sio lenyewe

Juzi dogo mmoja anayesoma kompyuta chuo kaniuliza, bro hivi ukipigiwa simu kwamba programu yako imegoma huwa unaanzia wapi. Nilikuwa kwenye daladala nimebanwa kama dagaa nkamjibu kwa mkato tu, ila swali likabaki kichwani, basi leo naandika kwa kirefu.

Mimi nipo Nyegezi, Mwanza, natengeneza programu ndogo ndogo za Windows kwa C# (lugha ya kuandikia programu) na WinForms (ya kutengenezea madirisha yake). Najua kuna watakaosema hizo ni za kizee siku hizi kila kitu kipo kwenye brauza. Sawa, ila njoo ukae soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba siku intaneti imezingua na wenye sangara wamepanga foleni mpaka nje, barafu inayeyuka, ndo utaelewa kwa nini mtu anataka kitu kiwe ndani ya kompyuta yake na sio mawinguni huko.

Jibu langu kwa dogo lilikuwa hivi: kile anachokusomea mteja kwenye simu mara nyingi ni kosa la pili. La kwanza limeshatokea, hakuliona, au aliliona akabonyeza OK.

Nna mteja mmoja, mama ananunua samaki pale. Nilimtengenezea programu inayosoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani ya kidijitali, waya unatoka kwenye mizani unaingia USB kupitia kile ki-adapta, uzito unakuja wenyewe kwenye skrini, unachagua mvuvi, risiti inatoka. Wiki mbili za kwanza raha tupu. Kisha siku moja asubuhi simu.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hii kitu yako inanikataa. Inasema sina ruhusa."
"Nisomee mama ilivyoandika."

Akamwita kijana wake anisomee, herufi kwa herufi, ikawa ni ile ya kwamba kuingia kwenye COM3 (jina Windows inalolipa tundu la mizani) kumekataliwa. Mimi kusikia ruhusa tu akili ikakimbilia huko huko. Nkamwambia afungue kama administreta, wapi. Nkasema labda antivairasi, tukaizima, wapi. Nkamwambia zima kompyuta uwashe, ikakubali, nkajiona fundi. Kesho yake mida ile ile simu tena, na keshokutwa. Siku ya nne nkapanda daladala ya Airport nikashuka Kirumba.

Nkakaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa nkamwangalia kijana anavyofanya kazi, bila kumsemesha. Anapima, anapima, wakipungua watu anafunga lile dirisha la kupimia ili aangalie ripoti. Hapo hapo dirisha likaganda, likapauka, juu likaandika "Not Responding". Windows ikiona programu haijachukua ujumbe wowote kwa sekunde 5 ndo inaiweka hivyo. Kijana wala hakushtuka! Akabonyeza tena ikoni kwenye desktopu akafungua programu ya pili. Ya pili ikaenda kuomba COM3, ikakuta ya kwanza iliyoganda bado imeishikilia, ndo ikatoa ile habari ya kukataliwa. Kumbe siku tatu zote nahangaika na ujumbe wa programu ya pili wakati ugonjwa upo kwenye ya kwanza. Na mimi kwenye simu sikuuliza hata mara moja kabla ya hapo kulitokea nini.

Asa kwa nini iliganda. Hapa nitakaa kidogo maana hili tatizo litakupata tu ukicheza na mizani, skana au kitu chochote cha siria, yaani kinachopitisha data kwenye hizo COM.

Kwenye .NET (msingi ambao programu za C# zinasimama juu yake), tukio la DataReceived la SerialPort, lile linaloita kodi yako data ikifika, haliji kwenye thredi ya skrini (thredi ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya programu), linakuja kwenye thredi ya pembeni. Ukijaribu kuandika uzito kwenye lebo kutokea huko, ukiwa ndani ya dibaga (chombo cha kusakia makosa) inakupigia kelele kwamba umegusa kitu cha thredi nyingine. Kila mtu akiona kelele hizo anafanya nilichofanya mimi, anaweka Invoke. Kelele zinaisha, unalala usingizi. Ila Invoke maana yake ni "thredi ya skrini nifanyie hii kazi, na mimi nasubiri hapa hapa mpaka umalize". Wakati huo huo kijana kabonyeza kufunga dirisha, thredi ya skrini imeita Close ya bandari (kuifunga ile COM3), na Close nayo inasubiri kwanza lile tukio la DataReceived limalize. Umeona? Huyu anamsubiri yule na yule anamsubiri huyu. Ni kama pale kwenye ubao wa kushukia mtumbwini, mpagazi mmoja anashuka na gunia la dagaa na mwingine anapanda, wamekutana katikati, kila mmoja anasema pita wewe kwanza. Watakaa hapo mpaka jua lizame.

Na kwangu Nyegezi haikuwahi kuganda kwa sababu mimi sina mizani. Nilikuwa nairushia programu namba za kubuni, moja kila baada ya sekunde 5. Mizani ya kweli inatema uzito mfululizo, mara kadhaa kwa sekunde moja hata kama juu yake hakuna kitu. Kwa hiyo kwangu bahati ya kugongana ilikuwa ndogo mno, kwa mama ilikuwa karibu kila akifunga.

Kuhakikisha kwamba sio hisia zangu tu, ilipoganda nkafungua Taski Meneja nkabofya kulia kwenye programu nkachagua kutengeneza faili la dampo (picha ya kumbukumbu yote ya programu ilivyo muda huo), nkalitia kwenye flashi. Nyumbani nafungua kwenye Visual Studio, ile ya kuandikia programu, halisomeki, takataka tupu. Sababu ni kwamba programu yangu ni ya biti 32 na Taski Meneja ya kawaida kwenye Windows 10 ya biti 64 inatoa dampo la biti 64, dibaga inachanganyikiwa. Unatakiwa ufungue ile Taskmgr.exe iliyopo ndani ya C:\Windows\SysWOW64 ndo utoe dampo. Hicho kitu kidogo kilinigharimu nauli nyingine ya kwenda na kurudi Kirumba, wewe nakupa bure. Dampo la pili likafunguka safi, nkaangalia rundo la kila thredi (orodha ya ilipofikia kwenye kodi), ya skrini imekaa ndani ya SerialPort.Close, ya pembeni imekaa ndani ya Control.Invoke. Wapagazi wangu wawili wale pale.

Dawa ni mistari michache ya kodi (kodi za programu, sio za TRA). Invoke nkaibadilisha kuwa BeginInvoke, ambayo inaacha ujumbe inaondoka bila kusubiri. Kabla ya Close naling'oa kwanza tukio la DataReceived kwa ile -=, na ndani ya tukio naangalia kama fomu bado ipo hai kabla ya kuituma kitu, maana ukituma kwenye fomu iliyokwisha kufungwa utapata eksepsheni (kosa linaloangusha programu) nyingine mpya kabisa. Halafu nkaweka Mutex, aina ya kufuli, ili programu isifunguke mara mbili. Tangu hapo kimya.

Sio kimya kabisa, maana kuna la laptopu.

Mama akanunua laptopu mtumba, zile zinazotoka Ulaya, nzuri tu, ngumu kama jiwe. Nkamwekea programu nkaondoka. Kesho yake kapiga, printa inakata namba. Risiti za karatasi ya milimita 58, jumla inafika mwisho wa karatasi inakatika. Daah nkakaa jioni nzima nahangaika na upana wa karatasi, napunguza fonti, nabadilisha draiva. Usiku wa manane ndo nkajiuliza, hivi mvuvi mwenye tenga moja anapataje jumla ndefu hivyo mpaka isienee? Printa haikuwa na kosa lolote. Nkamuomba kijana anitumie picha ya skrini WhatsApp. Uzito umeandikwa 12.50, jumla ni mamilioni. Ila kwenye ile picha kilichonifumbua macho hata sio jumla, ni sehemu ya anapotoka mvuvi. Alitaka kuandika Nyegezi, kaandika "Nzegeyi".

Nkacheka peke yangu. Kibodi ya Kijerumani. Huko Z na Y zimebadilishana nafasi. Wauzaji walibandika stika za kawaida juu ya vitufe ila ndani Windows bado inajijua ipo Ujerumani. Na Ujerumani nukta sio ya desimali, desimali wanatumia mkato, nukta wanatenganishia maelfu. Mizani inatuma "12.50", double.Parse yangu (inayogeuza maandishi kuwa namba) inauliza mipangilio ya kompyuta, inaambiwa nukta ni ya maelfu, inaitupa, inabaki 1250. Kilo kumi na mbili na nusu za sangara zimekuwa tani moja na robo. Wala haikutoa kosa, na hilo ndo baya zaidi. Kwenye skrini nilikuwa naonyesha maandishi yaliyotoka kwenye mizani kama yalivyo, kwa hiyo kwa macho kila kitu kilikuwa sawa.

Kinachotoka kwenye mashine kisomwe kwa CultureInfo.InvariantCulture (mipangilio isiyofuata nchi yoyote), siku zote, usiiachie Windows iamue. Tarehe ndo usiseme, 03/04 kwa mipangilio ya Marekani ni tarehe 4 mwezi wa 3 na kwetu ni tarehe 3 mwezi wa 4, na inaendelea kukudanganya taratibu mpaka tarehe 13 ndo inalipuka, mteja anakwambia imeharibika leo. Leo wapi.

Mengine nayapitia haraka. Ukiona inalalamika kwamba Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 (kile cha kusomea databezi za Access) haijasajiliwa kwenye mashine, na mteja anaapa kwamba Office ipo na Access inafunguka, usianze kubishana naye. Office yake ni ya biti 64 na programu yako ni ya 32, au kinyume chake, haziwezi kukaa kwenye prosesi moja. Jenga programu upya ilingane na kilichopo pale. Ikikosekana VCRUNTIME140.dll usiende kuokota dll kwenye mitandao ya ajabu ajabu, weka Visual C++ Redistributable ya Microsoft yenyewe.

Kuna duka moja la vifaa vya ujenzi Igoma niliitwa kwa sababu "mauzo yameibiwa". Programu yao ni ya VB6 (Visual Basic ya zamani), iliandikwa na mtu ambaye hata simu yake haipatikani tena. Tajiri akifungua anaona mauzo ya miezi mingi, karani akifungua kwa akaunti yake anaona mengine kabisa, wameshaanza kutuhumiana na karani analia. Yule aliyeandika aliweka databezi ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, ila kwa programu za zamani zisizo na manifesti (maelezo ya programu inahitaji ruhusa gani) Windows inafanya kiini macho, inaihamisha nakala kimya kimya kwenye folda ya VirtualStore ndani ya AppData\Local ya kila mtumiaji. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na daftari lake. Nilipofungua ile folda na kumwonyesha tajiri mauzo ya karani yote yapo, hakuna shilingi iliyopotea, alinyamaza kama dakika nzima. Karani akanambia wabeja sana, yaani asante sana kwa Kisukuma, mpaka leo nikipita ananinunulia soda. Data za programu weka ProgramData au AppData, na ukiweka ProgramData toa ruhusa ya kuandika wakati wa kuinstoli.

Yule wa VB6 pia alijaza On Error Resume Next kila mahali, yaani kosa likitokea lipite tu. Ningemcheka ila na mimi nna catch tupu zangu (zinazomeza kosa bila kufanya kitu) za miaka ya nyuma ambazo sitaki mtu azione. Sahivi kila programu ninayotoa ina faili la logi, kila eksepsheni inaandikwa na saa yake, nimeunganisha Application.ThreadException na ile UnhandledException ya AppDomain, zinazonasa makosa yaliyoponyoka. Zikishindikana zote, Event Viewer (daftari la matukio la Windows), upande wa Application, tafuta .NET Runtime yenye namba 1026. Usiangalie ya mwisho tu, panda juu mpaka uikute ya kwanza kabisa ya siku hiyo.

Mama naye kashanizoea. Jumatatu kapiga.

"Mwanangu, haisomi uzito."
"Mama, kabla ya hapo ilitokea nini?"
"Nilijua utauliza. Umeme ulikata."
"Na kabla ya umeme?"

Kimya kidogo, nasikia anaongea na kijana wake pembeni.

"Anasema alichomoa ule waya wa mizani achaji simu, kaurudisha tundu lingine."

Tundu lingine, kwa hiyo COM3 imekuwa COM5. Nkamwambia aurudishe ulipokuwa, na ile tundu aipake rangi ya kucha.