Silikoni kwenye miembe yangu: nilivyoharibu pipa zima kabla ya kupata njia

Miembe yangu ikichanua tu, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unaingia. Vishada vinakuwa vyeupe kana kwamba mtu amevipepetea unga, kisha vinakauka vyeusi, na vitunda vya ukubwa wa kunde vinapukutika. Salfa ilikuwa inasaidia, lakini nilitaka mti ufike wakati wa maua ukiwa tayari una kinga yake. Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na silikoni, elementi ambayo mmea huinywa na kuikazia kuta za seli zake.

Shamba langu ni la kichanga, na mchanga wenyewe ni silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Mti unakosaje kitu ambacho umesimama juu yake? Ilinichukua muda kuelewa kwamba suala ni kuyeyuka. Punje ya mchanga ni fuwele ngumu, maji huiyeyusha kidogo mno, na mzizi hunywa silikoni ikiwa tu imeyeyuka kuwa asidi ya silisiki. Halafu mwembe si mpunga. Mpunga unaweza kubeba silikoni hadi asilimia 10 ya uzito wake mkavu, ilhali miti mingi ya matunda huvuta kidogo sana. Ni vizuri nililijua hilo mapema, maana nilipunguza matarajio.

Nilianza vibaya. Nilichukua silikati ya potasiamu ya maji, ambayo ndiyo inayoleta silikoni iliyoyeyuka, nikaimimina kwenye pipa lililokuwa na mbolea ya naitreti ya kalsiamu, ili nipulize vyote kwa mkupuo mmoja. Maji yakawa kama maziwa, kisha rojo, nozeli zote zikaziba. Kalsiamu na silikati zikikutana zinashikana na kutuama, na mti haupati hiki wala kile. Kutwa nzima nilisugua pampu. Nozeli ambazo rojo lilikuwa limekaukia ndani nilizitupa.

Sasa silikati ina pipa lake. Natangulia na maji, tena mengi, ndipo naimimina polepole huku nakoroga. Ni alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambacho 7 ni katikati) hupita 11, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Nikihitaji kushusha pH, nafanya hivyo baada ya kuizimua vya kutosha na naitumia siku hiyohiyo. Ukitia asidi kwenye silikati nzito inaganda mbele ya macho yako.

Kosa la pili lilinigharimu msimu. Nilingoja nione unga mweupe ndipo nikapuliza, na haikusaidia chochote cha kuonekana. Silikoni haiponyi ua lililokwisha kushambuliwa. Ikiingia kwenye jani hujikita kwenye kuta za seli na chini ya ngozi ya jani, inaganda hapo, wala haihamii kwenye jani litakalochipua baadaye. Kila chipukizi linataka lake. Kwa hiyo siku hizi naanza mara tu baada ya mavuno, miti inapotoa majani mapya. Namwagilia chini, kuzunguka ukingo wa kivuli cha matawi ambako mizizi ya kulisha ni mingi, kidogo kidogo na kwa kurudia. Kabla vishada havijafunguka napuliza majani mara chache. Matunda yakikaribia kukomaa naacha kabisa, kwa sababu inaacha madoa meupe ambayo hayatoki kwa kuoshwa.

Kuna jambo moja nawasihi wenzangu mlizingatie. Silikati ya potasiamu inaleta potasiamu pia. Mti ukinawiri, utajuaje ni kipi kimeunawirisha? Mimi nilitenga safu mbili zisizopata silikoni, nikazipa salfeti ya potasiamu yenye potasiamu ileile, na salfa nikapuliza shamba zima kwa ratiba moja. Bila safu hizo ningekuwa nasimulia hisia zangu tu.

Misimu miwili mfululizo tofauti ilionekana kwenye vishada. Ubwiri ulifika pande zote, lakini kwenye miti ya silikoni ulichelewa na ulitawanyika taratibu, na vitunda vingi zaidi vilibaki. Majani yake ni magumu ukiyakunja. Ukubwa wa matunda haukubadilika. Salfa sijaiacha, na sina mpango wa kuiacha.

Kwa miti michanga natumia majivu ya pumba za mpunga, yaliyochomwa kwa moto wa wastani. Moto mkali wa muda mrefu hugeuza silika yake kuwa fuwele, ikawa ngumu kuyeyuka kama mchanga, na vumbi la fuwele hizo likivutwa huumiza mapafu. Ndiyo maana nayalowesha kwanza na kuvaa barakoa, kisha nayachanganya na mboji chini ya mti. Yanafanya kazi polepole. Miti hiyo bado haijachanua, kwa hiyo nayo nimeitengea safu yake isiyo na majivu.