Mato ya Matondoni

Safari ya kutoka Moshi hadi Lamu ilituchukua siku mbili. Tulivuka mpaka Holili, tukaingia Taveta, tukashuka Voi hadi Mombasa, tukalala Malindi. Kulipokucha tukashika njia ya Garsen na Witu mpaka Mokowe, mahali barabara inapokomea baharini. Makasha yetu yakaingia botini, na gatini Lamu yakapandishwa punda. Tulikuwa wanane kutoka kanisani kwetu: daktari wa macho mmoja, wauguzi watatu, waliobaki wa kupanga foleni na kuandika majina. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujitolea nje ya Tanzania.

Nilijipa moyo kwamba lugha haitatusumbua. Asubuhi ya kwanza Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, mama mmoja akaketi mbele yangu akasema, "Mato yangu hayaoni, mwanangu." Nikamwomba arudie. Binti wa sekondari aliyekuwa karibu akanieleza: kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, macho ni mato, njoo ni ndoo, njia ni ndia. Nikamsihi akae nami siku nzima. Nilipoanza kuuliza "Mato yanauma?" wazee walilegea, wakaanza kusimulia mambo ambayo fomu yetu haikuwa na nafasi yake.

Kabla ya kufungua kasha lolote, kiongozi wetu alikwenda kuwaamkia imamu na wazee. Wakakubaliana: tiba tu, na adhana ya adhuhuri ikisikika, kazi inasimama. Sala yetu tuliisali botini kabla ya kushuka. Mmoja wetu alinung'unika kwamba hiyo siyo misheni. Mimi naamini ndiyo yenyewe, kwa sababu mtu aliyekuja na maumivu hapaswi kulipia tiba kwa masikio yake.

Mchana alikuja mzee mshona kofia. Kofia alikuja nayo, imefungwa kwenye kitambaa safi, imeshonwa nusu. Ilikuwa ya vito, vile vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono. "Mjukuu hunitungia uzi," akasema. "Akenda shule, nakaa tu." Nikampa kadi ya maandishi, akaisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka wote. Nikamjaribishia miwani ya kusomea yenye nguvu ya 1.50, akatikisa kichwa. Ya 2.00, akanyamaza. Ya 2.50, akaishusha kadi mapajani, akachomoa sindano kitambaani, akalowesha uzi mdomoni, akautunga mara moja. Hakusema neno. Akashona pale pale kitini, tundu la kwanza, la pili. Foleni ilikuwa ndefu, nami sikuthubutu kumwinua.

Hakuwa mgonjwa. Mtu akipita miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa, vitu vya karibu vikafifia. Miwani ya kusomea inatosha. Ndiyo maana linaniuma hili: tulifungasha miwani kwa kukisia, ya 1.00 tele, ya 2.50 chache. Siku ya pili kabla ya adhuhuri ya 2.50 ikaisha, na nje bado walikaa wasuka mikeka na washona nyavu. Simu moja tu kwa muuguzi wa zahanati ya kule ingetuambia ni nani watakaokuja na kazi zao ni zipi. Hatukupiga.

Na yule mama wa asubuhi? Mboni yake ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Mtoto wa jicho. Hapo miwani haisaidii, ni upasuaji, nasi vifaa vya upasuaji hatukuwa navyo. Daktari akamwandikia barua ya hospitali, akamweleza taratibu. Mama akaipokea, akaikunja, akaitia kwenye pindo la leso. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Basi nyinyi mumekuja na nini?"

Nilimshika mkono. Jibu sikuwa nalo.

Muuguzi wa zahanati alinakili majina ya wote wa upasuaji kwenye daftari lake, kumi na moja, tukaondoka na maji yakijaa. Juma lililopita nilimpigia. Wanne wamekwisha kufanyiwa na wanaona. Mama hajaenda. Barua bado anayo, anamngoja mwanawe arudi kutoka baharini amsindikize. Nimeomba namba ya huyo mwana.