Kiraka cha manjano kwa mchaji betri: wiki ya sita

Shemeji yangu anachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa, hapa Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo. Mwezi ukipotea na giza likaingia, betri zinapangwa mpaka mlangoni. Nguo zake hazidumu: suruali inaanikwa nzima, ikifuliwa tena inatoka chujio. Asidi ya salfuriki inakula pamba taratibu na huioni. Mimi ni mtu wa batiki, kwa hiyo nilianza kutafuta kitambaa kitakachobadilika rangi kikiguswa na asidi, kimwambie amerukiwa kabla ngozi haijaungua.

Choya, yale maua mekundu ya juisi, ilinishinda mapema. Kufua mara moja tu, rangi yote ikaishia kwenye beseni.

Congo red, rangi ya kiwandani ya tangu miaka ya 1880, inashika pamba na kugeuka buluu kwenye asidi. Siitaki. Imetokana na benzidini, kemikali inayoleta saratani, na mimi hiki kitu namfunga mtu mkononi.

Iliyonifaa ni manjano ya jikoni. Nilichemsha vijiko vinne kwenye lita mbili za maji, nikatumbukiza nusu mita ya marekani niliyoifua mpaka ikaisha wanga. Inashika bila hata shabu ya kukazia rangi. Halafu nikaichovya kwenye maji ya magadi, haya tunayochemshia maharage, ikageuka palepale ikawa nyekundu ya tofali. Kurkumini iliyomo huwa ya njano penye asidi, na pH (kipimo cha asidi, kinachopanda asidi ikipungua) ikipita 8 hivi inakuwa nyekundu. Nikadondosha ndimu: doa la njano. Asidi ya betri, tone moja kwa kijiti: njano kabla sijahesabu mbili.

Jasho ndilo lililonitesa. Nalo lina asidi kidogo, na aproni ya kwanza ilikuwa ya njano kiunoni na kwapani kufikia saa nne asubuhi. Jua pia linaifubaza. Nimeachana na aproni nzima. Sasa nakata viraka vya upana wa vidole vinne, chini naweka nailoni ya kuzuia jasho, nabana kwa pini juu ya nguo nzito. Kila asubuhi kiraka kipya.

Ijumaa ndiyo siku niliyoisubiri. Siku zote tulidhani anarukiwa akimimina. Kiraka cha kifuani kilirudi chekundu kitupu. Cha mkono wa kulia, upande wa ndani, kilikuwa na vidoa vya njano kama punje za ulezi, nilihesabu 17. Akakishika, akakigeuza mara mbili. "Shemeji, leo sijamwaga hata tone."

Tukakaa kuangalia betri zikichaji. Zikikaribia kujaa zinatokota, vipovu vya gesi vinapasuka na kurusha ukungu wa asidi, na yeye hupitisha mkono juu yake kuchomoa klipu za safu ya nyuma.

Jumamosi tumepanga betri safu moja tu, na anazima chaja kwanza. Glovu za mpira, miwani na ndoo ya maji safi viko palepale, maana kiraka hakikingi kitu. Viraka vitatu vya tangu hapo: kimoja kina vidoa viwili, viwili havina. Naendelea kuhesabu mpaka giza hili liishe.