Kalipa za IST ya Ami

Rangi nyekundu ilikuwa ikibanduka vipande vidogo vidogo kama maganda ya kitunguu. Ilikuwa Jumamosi ya kipupwe, mwaka 2017, uani kwetu Jang'ombe. IST ya Ami, ile Toyota ndogo, ilikaa juu ya stendi mbili, na magurudumu yake ya mbele tumeyalaza chini ya bodi, stendi ikiteleza gari lisimwangukie mtu. Kalipa zile, yaani vyuma vinavyozibana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, zilikuwa zimepakwa miezi 4 nyuma kwa kopo la kupuliza la kawaida, lile linalotumika kwa mageti na baskeli.

"Nazitaka nyekundu vile vile," Ami alisema. "Lakini mara hii isibanduke, mwanangu."

Kabla ya kukwangua tuliziangalia vizuri, maana rangi iliyoharibika huonesha yenyewe ilichokosa. Pembeni ya nati ya kutolea upepo kwenye mafuta ya breki rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Hapo mafuta ya breki yalitiririka kidogo, na mafuta ya DOT 3 au DOT 4 hula rangi ya kawaida kwa dakika chache tu. Sehemu iliyozunguka pistoni, kile chuma kinachosukuma pedi, iligeuka kahawia, kwa sababu joto la pedi hupita kwenye pistoni kabla ya kusambaa. Kwengine kote ilitoka safi, na nyuma ya kila kipande mlikuwa na vumbi jeusi la breki. Aliyepaka alipaka juu ya uchafu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zile mbili.

Dukani Darajani muuzaji alitutolea kopo la rangi ya ekzosi, bomba la moshi, limeandikwa nyuzi joto 650. "Hii haiungui hata ukiitia jikoni," alisema, na alisema kweli. Tatizo ni kwamba rangi ya aina hiyo hukomaa kwa kupikwa. Inataka ipate moto mkali, ipoe, ipate moto tena, ndipo ishike. Ekzosi inajipika yenyewe. Kalipa ya gari la Unguja haifiki huko: kisiwa ni tambarare, kilima cha Masingini chenyewe hakitimii mita 150, na breki zetu nyingi ni za matuta na mbuzi barabarani. Rangi ile ingebaki laini, kucha ingeikwangua na tone la mafuta ya breki lingeifuta. Tukachukua kopo dogo la rangi ya kalipa ya kupaka kwa brashi, lenye hadena yake pembeni, ile dawa ya kuigandisha rangi. Bei ilizidi makopo mawili ya kupuliza, ila hiyo hukomaa kwa hadena bila kungojea moto, na brashi haitawanyi rangi hadi kwenye diski.

Kusafisha kulichukua saa tatu nzima. Kupaka hakukufika nusu saa kwa kila mkono wa rangi. Tulianza kwa maji matamu na sabuni, kwa sababu gari lilikuwa likienda Paje, pwani, mara kwa mara na chumvi hujificha kwenye vinyweleo vya chuma. Ukiifungia chumvi chini ya rangi, inavuta unyevu, kutu inavimba, na rangi inainuka kama lengelenge. Vumbi la breki hatukulipuliza kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Tulilifuta likiwa limelowa, si kitu cha kuvuta puani. Kisha brashi ya waya, msasa namba 80 palipo na kutu, namba 180 kwenye kingo za rangi ya zamani iliyoshika bado. Mwisho dawa ya kusafishia breki na kitambaa cha fulana nyeupe, tukirudia mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Petroli ipo rahisi, lakini inaacha ukungu wa mafuta juu ya chuma na inavimbisha mipira.

Kalipa hatukuzitoa kwenye hosi zake. Ukifungua hosi unaingiza upepo kwenye mafuta ya breki, na kazi ya rangi inageuka kazi ya breki. Tulifungua bolti za pini, tukatoa pedi, tukazining'iniza kalipa kwa waya kwenye springi ili uzito usivute hosi. Tepu ya karatasi ikafunika diski, mpira wa vumbi wa pistoni, mipira ya pini, nati ya upepo na hosi. Tepu nyengine nyembamba ikaingia kwenye breketi, fremu inayobeba pedi, katika ile mifereji miwili ambamo masikio ya pedi huteleza.

Hadena tuliimimina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, tukakoroga taratibu. Ukishachanganya hakuna kurudi: kopo linaanza kuganda na halihifadhiki kwa kesho. Tulipaka kuanzia saa nne asubuhi, umande umeshakauka, tukamaliza kabla ya alasiri, kwani unyevu wa jioni huifanya rangi mbichi ipauke. Mkono wa kwanza mwembamba, chuma bado kikionekana. Wa pili baada ya kama dakika 20. Wa tatu kwenye kingo tu. Rangi nzito hutiririka, ikikauka juu chini bado mbichi. Masalio tuliyapaka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa.

Gari likalala juu ya stendi hadi Jumapili asubuhi. Nilidondosha tone la mafuta ya breki kwenye kifuniko, nikangoja robo saa, nikapangusa. Rangi haikujikunja, haikupoteza hata mng'ao. Ami alikigeuza kifuniko kile juani, akakitia mfukoni. Tukarudisha pedi, pini tukazipaka grisi ya silikoni ya breki, tukapampu pedeli mpaka ikawa ngumu, nati 4 za kila gurudumu tukazikaza kwa mpangilio wa msalaba hadi nyutoni mita 103, kipimo cha nguvu ya kukaza.

Tulishika njia ya Nungwi. Kufika Mahonda gari lilikuwa linavutia kushoto na harufu ya pedi imeingia ndani. Tulisimama chini ya mwembe. Nilichovya kidole kwenye chupa ya maji nikaangusha tone kwenye rimu, upande wa kulia: likakaa. Upande wa kushoto likachemka na kupotea.

"Usimwage maji, acha ipoe," nilimwambia Ami, ambaye alishaishika chupa. Diski yenye moto ikimwagiwa maji baridi hupinda.

Tulipofungua, tulimwona mkosaji. Kwenye mfereji wa chini wa breketi mlikuwa na utepe mwekundu wa rangi, mwembamba kama karatasi ya daftari la skuli. Upande huo nilibandika tepu mimi, na niliibandika kabla dawa ya kusafishia haijakauka. Ikainuka ukingo, rangi ikapenya. Mfereji ule hauna nafasi ya ziada: sikio la pedi lilikuwa limebanwa, breki ikikanyagwa pedi inakwenda, ikiachwa hairudi, inabaki inasugua diski. Utepe ule niliukwangua kwa ncha ya bisibisi, nikaumaliza kwa tupa mpaka chuma kikawa cheupe, nikaipitisha pedi mfereji mzima kwa kidole kimoja bila kuisukuma kwa nguvu. Nikafungua na upande wa kulia, ingawa haukuwa na kosa.

Ami alipiga magoti kuikagua kalipa yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imepata moto kuliko siku yoyote itakayopata tena. Nyekundu ilikuwa nyekundu ile ile, hata karibu na pistoni.

Nungwi tuliingia jua limeinama. Niliangusha tone kulia, kisha kushoto. Yote mawili yalikaa juu ya rimu. Nikachukua spana nikarudia nati zote, kwa sababu zilikuwa zimefunguliwa mara mbili kwa siku mbili, na mbili za kushoto zilikubali robo mzunguko.